Umetumwa na Nani?

Hotuba hii ilitolewa Mtwara Mjini mbele ya wanaushirika, walimu, wafanyabiashara na wanafunzi wa vyuo. Tunaiweka nzima kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, ndugu wanaushirika, na ninyi vijana mliojazana kule nyuma wakati viti vya mbele viko wazi: assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na habari za mchana. Itifaki nyingine zote naomba mzihesabu kuwa zimezingatiwa. Nikianza kutaja vyeo, muda wangu utaisha nikiwa bado kwa wakuu wa idara.

Nimepewa mada ndefu: uchumi wa taifa na mitazamo ya kisiasa inayourudisha nyuma. Mimi si mwanasiasa, wala si profesa. Ni mhasibu wa ushirika mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kufungua daftari na kuuliza shilingi hii imetoka wapi na ile imekwenda wapi. Kwa hiyo mkinisikia nang'ang'ania hesabu, nivumilieni, ndiyo dawa pekee ninayoijua.

Niseme wazi kwanza kwamba nchi hii inakwenda mbele. Julai 2020 Benki ya Dunia ilituingiza katika kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Hapa kwetu kusini, wenye umri wangu mnakikumbuka kivuko cha Ndundu pale Rufiji. Mvua ikinyesha, mtu anaaga nyumbani kwenda Dar es Salaam kama anayekwenda Hija, na mizigo inalala barabarani mpaka inaoza. Agosti 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, mita 970, na safari ya wiki ikawa safari ya kutwa. Bandari yetu imepata gati jipya. Kule kijiji cha Msijute kuna kiwanda cha saruji. Naam, mvua ikizidi bado barabara inakatika pale Somanga, kama mlivyoona Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, lakini hakuna anayeweza kusema tuko palepale. Sikuja kulia.

Nimekuja kuuliza. Kwa nini kusini kila baada ya miaka tunapata bahati kubwa, na kila bahati inatuponyoka mkononi? Ilikuja karanga, ikaponyoka. Ikaja korosho, ikapanda ikaanguka, ikapanda tena ikayumba. Vikaja viwanda, vikageuka maghala. Ikaja gesi, tukapigana. Ardhi ni ileile. Bahari ni ileile. Watu wa kusini si wavivu. Anayesema hivyo hajawahi kupalilia ekari tano za mikorosho. Sasa ni nini?

Nitawasimulia kisa. Kuna chama kimoja cha msingi cha ushirika, sitakitaja, na wala msianze kutazamana. Mkutano mkuu wa mwaka. Meza imefunikwa kitambaa, mgeni rasmi yupo, taarifa imesomwa haraka haraka, na wajumbe wameshaanza kunusa pilau. Akasimama mama mmoja, mkulima wa kawaida. Akauliza: "Mwenyekiti, nimesikia unyaufu wa ghala letu mwaka huu. Chama cha jirani wamepeleka ghala lilelile, mwezi uleule, na unyaufu wao ni nusu ya wetu. Korosho zetu zinanyauka kwa nini kuliko za wenzetu?"

Swali zuri kuliko hilo mhasibu halipati. Kwa wasiojua, korosho ikikaa ghalani hupoteza maji na uzito hupungua kidogo. Huo ndio unyaufu. Ila unyaufu ukizidi kipimo, ujue kuna korosho zilizopata miguu. Mama amegusa penyewe.

Mwenyekiti hakufungua kitabu. Alimtazama, akatabasamu, akasema: "Mama, wewe umetumwa na nani?"

Ukumbi ukacheka. Mama akakaa. Pilau ikaletwa.

Ndugu zangu, sijui hasara iliyosababishwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, katika nchi hii ni shilingi ngapi. Sijui hasara ya ukame. Lakini naamini hakuna ugonjwa uliotugharimu kuliko yale maneno matatu. Anayeuliza hesabu anaonekana adui. Anayeuliza hesabu anaonekana wa chama kingine, wa kabila jingine, wa ukoo mwingine, katumwa, kalipwa, ana chuki. Na mtu akiogopa kuuliza, aliyeshika daftari haogopi kitu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, kinachokosekana ni ruhusa ya kulifungua.

Na msidhani mtazamo huu tumeuanzisha sisi. Tumeurithi kwa wakubwa.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, mafuta ya kula yanagawiwa kwa mgao. Serikali ya chama cha Labour ikaletewa wazo: tukalime karanga Tanganyika. Kongwa, Urambo, na hapa kwetu Nachingwea. Ekari zaidi ya milioni 3! Wazo likatangazwa, kazi ikaanza 1947. Matrekta hayakutosha, wakachukua vifaru vya vita wakavigeuza matrekta. Bandari hii ya kina kirefu mnayojivunia, na reli iliyokwenda hadi Nachingwea, asili yake ni karanga hizo.

Sasa niambieni: nani aliwauliza Wagogo wa Kongwa kuhusu mvua yao? Nani aliuliza udongo ule wa mfinyanzi ukikauka unafanyaje? Walikuwapo Waingereza walioona mapema kwamba mambo hayaendi. Lakini mradi ulikuwa umeshakuwa wa kisiasa. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliutetea Bungeni huku majembe yanavunjika porini. Kukubali kwamba mpango haufai ilikuwa sawa na kuwapa wapinzani wake ushindi, kwa hiyo fedha zikaongezwa. Januari 1951 wakaufuta. Hasara: pauni milioni 36, za wakati ule. Reli yetu nayo haikuishi miaka mingi baada ya Uhuru. Ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Tangu hapo kila baada ya muda tunasikia habari za reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay. Tunapiga makofi, tunakwenda nyumbani.

(Kwa faida ya vijana: kambi ya Nachingwea baadaye ndiko walikofunzwa wapiganaji wa FRELIMO. Kwa hiyo karanga hazikuota, lakini uhuru wa Msumbiji uliota palepale. Haya ni mambo ya kujivunia, msiyaache yapotee.)

Wakoloni wakaondoka. Mtazamo ukabaki.

Njoo kwenye korosho, hapa nitakaa kidogo maana ndipo tunapoishi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kama tani 145,000. Tulikuwa miongoni mwa wakubwa wa dunia, na jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma ndio walioongoza. Halafu? Kufikia katikati ya miaka ya 1980 tumeshuka chini ya tani 20,000. Kutoka 145,000 hadi chini ya 20,000! Hatukupigwa na vita. Hatukupigwa na nzige. Nini kilitokea?

Wazee mnajua. Operesheni Vijiji. Watu walihamishiwa vijijini ili wapate shule, zahanati na maji, na nia yenyewe siibezi. Mimi mwenyewe nimesoma shule ya kijiji. Lakini mkorosho hauhami. Mtu amepelekwa mbali, shamba limebaki kule, nani atafyeka? Msitu ukafunika mikorosho. Bei anayolipwa mkulima ikawa haitoshi hata kumshawishi kuokota zilizoanguka. Na ubwiriunga ukaingia, ule unga mweupe juu ya maua, ukamaliza kilichobaki. Swali langu la mhasibu ni hili: katika miaka yote hiyo, uzalishaji unashuka mwaka hadi mwaka, takwimu zipo, maofisa wapo. Nani alithubutu kusimama kikaoni aseme, "Ndugu viongozi, tumehamisha watu na tumeacha miti"? Angeulizwa nini? Mnajua angeulizwa nini.

Na angalieni uchungu wa jambo lenyewe. Wakati zao linaanguka, viwanda ndio vinajengwa. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mitambo ya Kiitaliano na ya Kijapani: viwanda 12 vya kubangua korosho, Newala, Masasi, Mtama, Nachingwea na kwingine, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Viwanda vinakamilika, korosho hazipo. Vingine havikufanya kazi ya maana hata siku moja. Tukaja kuvibinafsisha, na baadhi vikaishia kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli kwenda kubanguliwa nje. Kiwanda cha kubangua kinalala na korosho isiyobanguliwa, na mkopo ulikuwa wetu. Anayetaka kucheka acheke.

Nani aliifufua korosho? Siku zote nasema, na leo nasema tena: si hotuba. Ilikuwa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, kilomita chache kutoka hapa tulipokaa. Watafiti walikwenda mashambani, wakahesabu maua, wakapima salfa, dawa ya ubwiriunga, wakajaribu kipimo hiki wakaacha, wakajaribu kile, wakachagua miche inayozaa na kuvumilia ugonjwa. Salfa ikafanya kazi. Soko huria la miaka ya 1990 likaleta wanunuzi, mkulima akaona sababu ya kurudi shambani. Hakuna aliyekata utepe. Hakuna aliyeimbiwa kwaya. Lakini msimu wa 2017/18 nchi ilipopita tani 300,000, sehemu kubwa ya tani zile zilianzia kwenye vitalu vya Naliendele. Mjusi wa Tendaguru, yale mabaki ya dinosaria yaliyochimbwa hapa Lindi kati ya 1909 na 1913 yakapelekwa Berlin, amejadiliwa bungeni mara ngapi? Naliendele je?

Haya, sasa 2018. Najua hapa ndani kuna watu wa vyama mbalimbali na kuna ambao hawataki jambo hili ligusweguswe. Nitaligusa taratibu.

Msimu wa 2017/18 bei ilifika hadi shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walijenga, walinunua bodaboda, kuna waliooa mke wa pili, hayo si ya hotuba hii. Katikati ya 2018 Bunge likabadilisha sheria: ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, iliyokuwa inarudi kuendeleza zao, ikaenda yote Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini, wa vyama vyote, walipiga kelele. Mliona walivyojibiwa. Kuuliza "salfa ya mwakani itanunuliwa na fedha gani?" kukaonekana ni uasi.

Oktoba mnada ukafunguliwa. Soko la dunia lilikuwa limeshuka. Wanunuzi wa Vietnam walikuwa wameumia na bei za juu za mwaka uliotangulia. Bei za sanduku la zabuni zikaja chini. Wakulima wa Tandahimba na Newala wakasema hatuuzi. Walikuwa na haki ya kukataa, ndiyo maana ya mnada. Novemba 12 Rais Magufuli akatangaza Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na Jeshi litazisomba. Mawaziri wawili wakaondolewa. Siku ile kusini tulishangilia. Msijifanye mmesahau, tulishangilia! Nani asiyetaka 3,300 wakati mnunuzi anataja chini ya 3,000?

Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Hilo nalikubali bila kigugumizi. Lakini kesho yake ndipo yalipopaswa kuanza maswali. Fedha zipo kiasi gani? Tukishanunua, tunamuuzia nani? Nani atabangua tani laki mbili na zaidi wakati viwanda ni vile tulivyovisema? Maghala yatahimili hadi lini? Maswali haya hayakuwa ya mpinzani. Yalikuwa ya mhasibu. Yalikuwa ya mke anayeuliza mume wake kabla hajakopa. Hayakuulizwa hadharani, kwa sababu kila aliyefungua mdomo aliambiwa anatetea mabeberu wa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho kwa bei ya kutupa nje ya mnada. Matokeo mliyaishi ninyi: uhakiki shamba kwa shamba, malipo yanayochelewa hadi msimu mwingine unakaribia, mtu ana stakabadhi mfukoni na mtoto karudishwa nyumbani kutoka shule. Mwisho wa yote, korosho ziliuzwa kwa mnunuzi yuleyule wa dunia, kwa bei ya dunia. Bei ya Ho Chi Minh haisikilizi tamko la Dodoma. Wala la Washington haisikilizi.

Nimetaja Vietnam, na nataka mnisikilize vizuri hapa, hasa vijana.

Wale walitoka vitani mwaka 1975, nchi imeungua. Wao pia walikuwa na mashamba ya ujima. Wao pia walikosa chakula, wakawa wanaagiza mchele kutoka nje. Chama kimoja, siasa kali, kama sisi wakati ule au zaidi. Desemba 1986 chama chao cha Kikomunisti kikafanya mkutano mkuu wa sita. Na mle ndani, viongozi wakatamka hadharani kwamba sera zao wenyewe ndizo zilizowafikisha pale. Si mabeberu peke yao, si hali ya hewa. Sera. Wakaanza mageuzi waliyoyaita Doi Moi. Mwaka 1988 familia zikapewa mashamba zilime kwa mkataba wa miaka mingi. Mwaka 1989 nchi iliyokuwa inaomba mchele ikawa inauza mchele. Mwaka mmoja!

Na korosho je? Tangu 2006 Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza korosho zilizobanguliwa. Mikorosho yao haiwatoshi. Wanakuja kununua korosho ghafi Afrika, yakiwemo magunia yanayotoka kwenye bandari hiyo hapo chini. Ule ubanguaji tuliojengea viwanda 12, wao ndio wanaoufanya, na ajira wanazo wao.

Sisemi Vietnam ni pepo. Hadi leo ni chama kimoja, na mwandishi wa habari kule hana uhuru wa kutamba. Ndiyo maana nawaambia wale wanaodhani tatizo letu ni idadi ya vyama: wale hawakuongeza chama hata kimoja. Walichofanya ni kukubali kwamba namba ikisema umekosea, umekosea. Sisi tuna vyama vingi tangu 1992, na bado ukitaja namba tunakuuliza wewe ni wa chama gani.

Sasa gesi. Nitapita haraka, maana vidonda vingine havijapona.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay hapa 1982. Mwaka 2012 Serikali ikaanza bomba la kuipeleka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Watu wa Mtwara wakauliza: sisi tunabaki na nini? Desemba 27, 2012 wakaandamana kuuliza. Swali lilikuwa halali kabisa. Na lilikuwa na majibu, jamani! Kuna mtambo wa kusafisha gesi Madimba. Kuna ushuru wa huduma, wakati ule asilimia 0.3, unaokwenda halmashauri. Kuna mambo ambayo afisa mwenye karatasi na subira angeyaeleza kijiji kwa kijiji kwa miezi mitatu. Badala ya karatasi wakaja na majina: wachochezi, wametumwa, kuna mataifa nyuma yao. Januari 2013 Waziri Mkuu Pinda alipokuja akakaa na watu akawasikiliza, mji ulitulia. Lakini Mei 22, bajeti ya nishati inasomwa Dodoma, mji ukawaka. Watu walikufa. Nyumba zilichomwa. Jeshi likaingia mitaani.

Na upande wetu? Tuliimba "gesi haitoki". Haitoki iende wapi? Gesi ikibaki chini ya ardhi inamlipia nani ada? Sisi nasi hatukutaka hesabu, tulitaka kushinda. Aliyesimama mtaani kwetu akasema "jamani tuisome kwanza mikataba" naye aliulizwa swali lilelile: umetumwa na nani, umelipwa na Serikali? Mnaona? Swali halina chama. Mwenye mamlaka analitumia, na mwenye hasira analitumia.

Ndiyo maana siwezi kuondoka bila kutusema sisi wenyewe. Tunapokea maendeleo kama wageni wa harusi: tumekaa jamvini tunasubiri sinia lipite, jikoni hatujui kuna mchele kiasi gani wala nani kaiba nyama. Tunachagua bodi ya chama cha msingi kwa kuangalia ukoo, kisha tunashangaa mabilioni kuyeyuka. Mkutano mkuu usipokuwa na posho hatuendi. Mwezi wa tatu, njaa imebana, tunampelekea mtu wa kangomba korosho ambazo hata maua hazijatoa, kwa bei ya kutupa, halafu Oktoba tunailaani Serikali kwa bei. Mgombea akija na kofia na fulana tunamuuliza kama zipo za saizi kubwa. Hakuna anayemuuliza ushuru wa halmashauri mwaka jana ulikusanywa kiasi gani.

Mtaniambia, mzee, rahisi kusema wewe umestaafu. Ni kweli, pensheni haiwezi kuhamishwa kituo. Lakini kuna namna ya kuuliza isiyohitaji ushujaa.

Msimu wa mnada umekaribia. Kila chama cha msingi kina mjengeko wa bei: bei ya mnada ni hii, makato ya ghala haya, usafirishaji huu, ushuru wa halmashauri huu, ya chama kikuu haya, mkulima anabakiwa na hiki. Ni karatasi moja. Naomba ibandikwe ukutani ofisi ya chama, kwa maandishi ambayo mtu asiyevaa miwani ataona, na pembeni yake unyaufu wa kila mzigo uliopelekwa ghalani. Chama kikuu chako kiwe MAMCU, kiwe TANECU, kiwe RUNALI au Lindi Mwambao, hakuna sheria inayokataza karatasi ukutani. Na msiende mmoja mmoja kuiomba. Nendeni ishirini. Mtu mmoja anaulizwa katumwa na nani. Watu ishirini hawaulizwi.

Madiwani mliopo humu, nawaona watatu, na mmoja anajificha nyuma ya nguzo: ushuru wa huduma wa gesi usomwe kwenye baraza kila robo mwaka, kiasi kilichoingia na kilichokwenda wapi, kijiji kwa kijiji. Madimba wanapaswa kujua bila kuandamana.

Na Likong'o. Wenzetu wa Lindi wamesubiri mtambo wa kusindika gesi asilia kwa zaidi ya miaka kumi. Zaidi ya hekta 2,000 zilitengwa, watu wakathaminiwa, wakaambiwa wasiendeleze maeneo, na malipo yao yalipata miaka kufika. Makubaliano ya awali yalisainiwa Juni 2022, mazungumzo yamekuwa yakienda na kurudi. Mradi wenyewe ni wa mabilioni ya dola, mkubwa kuliko karanga, korosho na bomba ukivijumlisha. Tangu 2015 tunayo Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji, yaani uchimbaji wa madini, mafuta na gesi, inayotaka mikataba ya aina hii iwekwe wazi. Wanafunzi wa sheria mlio humu, kazi yenu ni hiyo. Isomeni sasa, kabla kalamu haijaguswa, mje mtueleze kwa Kiswahili ambacho mvuvi wa Lindi ataelewa: Serikali inapata asilimia ngapi, lini, na halmashauri inapata nini. Tusingoje siku ya kukata utepe tukakumbuka tulikuwa na maswali.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie hapo, nikabidhi kipaza sauti kwa ukumbi. Ninaomba utaratibu mmoja tu: anayeuliza asitaje chama chake, na anayejibu asikiulize. Tuanze na yule binti wa pale nyuma, mwenye daftari la bluu.